Protini za Neva Ndani ya Figo: Wanachofundisha Vyura na Mijusi wa Taita Taveta

Anayefagia baraza asubuhi mjini Voi hukuta vinyesi vya mjusi kafiri chini ya taa: vipande vyembamba vyeusi, kila kimoja kikiwa na doa jeupe kwenye ncha. Doa hilo ndilo mkojo wa mjusi. Ni asidi ya uriki, taka ya naitrojeni iliyotoka mwilini ikiwa karibu kavu, na maji yaliyoisafirisha yamekwisha kurudishwa ndani.

Kila mnyama anayekula protini hubaki na naitrojeni ya kutupa. Samaki wengi na viluwiluwi huitoa ikiwa amonia, ambayo ni sumu kali, lakini wao wamezungukwa na maji ya kuichukua. Binadamu na vyura wengi waliokomaa huigeuza kuwa urea, isiyo kali kiasi hicho, ila nayo inadai maji ya kuiyeyusha. Mijusi, nyoka na ndege hutoa asidi ya uriki. Molekuli moja ya amonia hubeba atomi moja ya naitrojeni, ya urea hubeba mbili, ya asidi ya uriki hubeba nne. Tena asidi ya uriki haiyeyuki kwa urahisi: hujikusanya kuwa chembe, maji yakabaki kwa mwenyewe.

Kiungo kinachosimamia hesabu hiyo ni figo. Katika miongo ya karibuni wanabiolojia wamezitazama figo kwa jicho jingine, baada ya kukuta humo protini walizozizoea kwenye ubongo na uti wa mgongo: vipokezi vya ujumbe unaokuza neva. Vimeonekana katika figo za mamalia, na wataalamu wa tishu wakavitafuta pia katika figo za amfibia na reptilia. Kipokezi cha neva kina shughuli gani katika kiungo cha kuchuja mkojo? Kulijibu swali hilo kunahitaji figo za aina nyingi, zilizojengwa kwa maisha ya aina nyingi, na sehemu chache za Kenya zinazo kwa ukaribu kama Taita Taveta.

Kilima chenye umande, nyika yenye vumbi

Voi imekaa kwenye nyika. Mvua huja kwa misimu miwili, masika kati ya Machi na Mei na vuli kati ya Oktoba na Desemba, na baina yake ardhi nyekundu hukauka hadi Mto Voi wenyewe ukabaki mchanga mtupu. Lakini mto huo unaanzia juu, katika milima ya Taita, ambako kilele cha Vuria kinafika mita 2,208 na mawingu yatokayo Bahari ya Hindi huangusha ukungu na mvua. Dawida, Mbololo, Sagalla na Kasigau ni ncha ya kaskazini ya Milima ya Tao la Mashariki, safu ya kale inayoteremka hadi Udzungwa nchini Tanzania. Kila kilima kimetengwa na mwenzake kwa nyika kavu, na viumbe wa juu wamebadilika kila kundi peke yake.

Ndani ya udongo wa Sagalla, kilima kinachosimama jirani kabisa na mji wa Voi, anaishi sesilia wa Sagalla, Boulengerula niedeni. Ni amfibia asiye na miguu, mwenye mwili wa pingili, ambaye wengi humdhania mnyoo au nyoka mdogo. Sayansi ilimpa jina mwaka 2005, na duniani kote hapatikani penginepo. Nduguye wa Dawida, Boulengerula taitana, alielezwa na Arthur Loveridge mwaka 1935, akapata sifa mwaka 2006 jarida la Nature lilipochapisha jinsi anavyolea: ngozi ya mama hunenepa kwa mafuta, na watoto huibandua kwa meno yao maalumu wakaila. Hawa hawana hatua ya kiluwiluwi cha majini. Huhitaji udongo laini wenye unyevu, kwa kuwa ngozi yao hupitisha maji kwenda na kurudi.

Teremka sasa hadi Tsavo. Huko wapo kobe chui, kenge, mijusi wa mawe wenye vichwa vya rangi ya chungwa, na swila wekundu. Wapo pia vyura, na mmoja wao amevunja kanuni ya jamii yake. Huyu ni chura wa kiota cha povu, wa jenasi Chiromantis, anayetaga mayai ndani ya povu juu ya matawi yanayoning'inia kwenye vidimbwi vya mvua. Jua linapokuwa kali hukaa wazi mtini, ngozi ikigeuka karibu nyeupe. Mwaka 1970 J. P. Loveridge alionyesha kuwa Chiromantis xerampelina hutoa sehemu kubwa ya naitrojeni yake ikiwa asidi ya uriki, kama mjusi. Mwaka 1977 Robert Drewes na wenzake walichapisha uchunguzi wa Chiromantis petersii, chura wa maeneo makavu ya Kenya na Tanzania, nao wakaeleza maumbile ya ngozi inayozuia maji yasipotee. Kwa hiyo katika kaunti moja yuko amfibia anayeishi kwa unyevu wa udongo, na yuko amfibia mwingine aliyejifunza uchumi wa mjusi.

Figo tatu katika uhai mmoja

Mnyama mwenye uti wa mgongo hajengi figo mara moja. Katika kiinitete hutangulia pronefro, kiungo kidogo chenye mirija michache. Huifuata mesonefro. Kwa reptilia, ndege na mamalia huja ya tatu, metanefro, na ndiyo figo tuliyo nayo sisi. Kiluwiluwi hutegemea pronefro, na chura mzima hutumia kiungo cha hatua ya mesonefro maisha yake yote. Kwa binadamu mesonefro hutoweka kabla ya kuzaliwa, isipokuwa kwa wanaume, ambao mabaki yake huwa mirija ya kupitishia mbegu za uzazi. Sesilia kwa upande wake ana figo ndefu nyembamba, zilizolala kando ya uti wa mgongo kwa sehemu kubwa ya mwili wake.

Kipimo cha kazi katika figo zote ni nefroni: kishada cha vishipa vya damu kinachochuja, na mrija unaorudisha vilivyo vya thamani. Figo moja ya binadamu ina nefroni zipatazo milioni moja, na kwa siku figo zetu mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji ili kutoa lita moja au mbili za mkojo. Nefroni zetu zina mrija uliopinda uitwao kitanzi cha Henle, na kwa msaada wake mkojo wetu unaweza kuwa mzito mara nne kuliko damu.

Chura hana kitanzi hicho, wala mjusi, wala kobe. Figo zao haziwezi kutoa mkojo mzito kuliko damu, hata ukame uwe mkali namna gani. Ndiyo maana kila mmoja ametafuta njia nyingine. Chura mkavu hupunguza uchujaji kwa amri ya homoni, hufyonza maji aliyoyaweka kibofuni, na hunywa kupitia ngozi ya tumbo. Kobe naye hutumia kibofu kama akiba, na ndiyo sababu haifai kumwokota kobe barabarani kwa pupa: akishtuka hukojoa, na maji ya msimu mzima yakamwagika. Mamba wa chemchemi za Mzima, asiye na kibofu na asiyekosa maji, huweza kutoa amonia nyingi pamoja na asidi ya uriki. Mjusi, kama tulivyoona, huugandisha mkojo.

Kuna tofauti nyingine ambayo madaktari wa wanyama huijua kwa vitendo. Kwa amfibia na reptilia, sehemu ya damu itokayo miguu ya nyuma na mkia hupitia kwenye figo kabla ya kurudi moyoni. Kwa hiyo daktari anayemtibu kobe au kenge kwa kawaida huchoma sindano upande wa mbele wa mwili, dawa isije ikatolewa au ikaumiza figo kabla haijafanya kazi.

Sumu ya nyoka yafichua protini

Habari ya vipokezi inaanzia mbali na figo. Rita Levi-Montalcini alizaliwa Turin, Italia, mwaka 1909. Sheria za ubaguzi za Mussolini za mwaka 1938 zilimfukuza kazini kwa kuwa Myahudi, akafungua maabara ndogo chumbani mwake, akawa anachunguza neva za viinitete vya kuku. Baada ya vita alikwenda St. Louis, Marekani, kwa mwaliko wa Viktor Hamburger. Huko aliona kwamba uvimbe wa panya ukipandikizwa kwenye kiinitete cha kuku, neva humiminika kuuelekea. Kulikuwa na kitu kinachoziita.

Mwanakemia Stanley Cohen aliungana naye kukitafuta. Ili kujua kama ni asidi ya kiini, walitia sumu ya nyoka, ambayo ina vimeng'enya vya kuivunja asidi hiyo. Walitarajia ukuaji ukome. Neva zikakua kupita zilivyokua mwanzo, kwa sababu sumu yenyewe ilijaa kitu walichokuwa wakikitafuta, kuliko hata ule uvimbe. Baadaye walikipata kwa wingi katika tezi za mate za panya dume. Kilikuwa protini, nayo ikaitwa kikuza neva. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Protini ya jamii hiyo imepatikana pia katika sumu za fira wa Asia, ndugu wa mbali wa swila wa Tsavo.

Protini ya ujumbe haifanyi kitu peke yake. Ni mgeni abishaye hodi: mpaka awepo ndani mtu wa kuitikia, mlango haufunguki. Anayeitikia ni kipokezi, protini iliyopenya utando wa seli, kichwa nje na mkia ndani. Kikuza neva kinaposhika kichwa, mkia huanzisha mfululizo wa kemikali unaofika hadi kwenye jeni, na seli ikaishi, ikakua, ikahama au ikafa. Vipokezi vikuu vya ukoo huu ni TrkA, TrkB na TrkC, pamoja na p75, kilichopewa namba kwa uzito wake. Jeni ya TrkA ilijulikana kwanza katika uvimbe wa saratani ya utumbo mpana, mwaka 1986, na mwaka 1991 tu ndipo ilipobainika kuwa ndiyo inayotoa kipokezi cha kikuza neva.

Helsinki yagusa figo

Mwaka huohuo wa 1991, watafiti wa Helsinki, Ufini, akiwemo Hannu Sariola, walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyoshangaza wengi. Katika figo changa za viinitete vya panya waliikuta p75 kwa wingi, mahali ambapo nefroni zinaanza kujengeka. Walipozuia utengenezaji wake kwa vipande vya kinasaba, figo zilizokuzwa kwenye vyombo vya maabara zikashindwa kujijenga. Ilionekana kwamba kipokezi cha neva ni fundi wa figo.

Sayansi haikuishia hapo. Mwaka 1992 walipatikana panya waliovurugwa jeni ya p75. Walizaliwa, wakaishi, na kasoro yao kubwa ilikuwa katika neva za hisia. Kama figo isingeweza kujengwa bila p75, wanyama hao wasingekuwa hai. Matokeo ya chombo cha maabara na ya mnyama mzima hayakukubaliana, na watafiti wakajifunza hadhari: kipokezi kuwepo mahali hakuthibitishi kwamba mahali hapo pangeharibika bila hicho.

Hata hivyo undugu wa figo na neva ulithibitishwa kwa njia nyingine. Mwaka 1993 iligunduliwa protini iitwayo GDNF, iliyosifiwa kwa kutunza neva zinazokufa katika ugonjwa wa Parkinson. Mwaka 1996 maabara tatu zilionyesha kwamba panya wasio na GDNF huzaliwa bila neva za utumbo, na bila figo pia, nao hufa punde baada ya kuzaliwa. Ujumbe uleule unaoziongoza neva ndio unaouamuru mrija wa kwanza wa figo uchipue na kugawanyika matawi. Maumbile hayakutunga lugha mpya kwa kila kiungo.

Kwa nini chura na mjusi

Vipokezi vya ukoo wa Trk ni vya kale. Vilikuwepo kabla njia za samaki, chura, mjusi na mtu hazijaachana. Basi kuvitafuta katika figo za amfibia na reptilia ni kuuliza ni kazi gani iliyo ya asili na ipi iliyoongezwa baadaye. Ikiwa kipokezi kinaonekana katika figo ya chura, ya mjusi na ya panya, mahali palepale kwenye mrija, kuna uwezekano mkubwa kuwa kazi yake pale ni ya zamani. Kikionekana kwa mmoja tu, huenda ni marekebisho ya maisha yake.

Njia inayotumika sana ni kukata figo vipande vyembamba, kuvimwagia kingamwili zinazoshika protini fulani, kisha kuvitia rangi na kuvitazama kwa hadubini. Ni njia nzuri yenye mtego. Kingamwili nyingi zimetengenezwa dhidi ya protini za mamalia, na katika tishu ya chura zinaweza kushika kitu kingine kinachofanana. Mtafiti makini hupima pia uzito wa protini iliyoshikwa, na huangalia kama seli hizo zina ujumbe wa kijeni wa kuitengeneza. Ndiyo sababu maandishi ya kitaalamu mara nyingi husema "protini zinazofanana na Trk".

Figo za reptilia zina mambo mawili zaidi yanayoufanya utafiti huu uwe na uzito. La kwanza ni jinsia. Kwa mijusi na nyoka dume, sehemu ya mwisho ya mirija ya figo hunenepa wakati wa kupandana, kwa amri ya homoni ya testosteroni, na majimaji yake huchanganyika na mbegu za uzazi. Msimu ukipita hunywea. Figo ya mjusi dume hukua na kupungua mbele ya macho yetu, na kiungo kinachofanya hivyo kinahitaji ujumbe wa ukuaji hata utu uzimani.

La pili linawahusu wagonjwa moja kwa moja. Binadamu huacha kutengeneza nefroni mpya karibu na wiki ya 36 ya mimba. Mtoto anayezaliwa mapema mno huanza maisha na akiba ndogo, na mtu mzima anayezipoteza kwa kisukari au shinikizo la damu hazirudishi. Mwisho wake ni mashine ya kusafisha damu au figo ya kupandikizwa. Reptilia hawafungi duka mapema hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baadhi yao huendelea kujenga nefroni baada ya kuanguliwa, na kwamba figo zao hutunza seli mama za kuzijengea, zenye alama ileile iliyomo katika figo changa ya kiinitete cha mamalia. Anayetaka kujua kwa nini seli zetu hupoteza uwezo huo anapaswa kujua ni ujumbe gani, na vipokezi gani, vinavyoziweka hai seli za mjusi.

Udongo wa Sagalla

Chuo Kikuu cha Helsinki, kilicho katika jiji lile la utafiti wa 1991, leo kina kituo cha utafiti Wundanyi, katika milima ya Taita. Kituo hicho hushughulika na mazingira, misitu na tabianchi, wala si figo. Lakini mambo hayo mawili yanakutana kwenye udongo.

Sesilia wa Sagalla anategemea unyevu, na unyevu wa kilima hicho umepunguzwa kwa ukataji wa miti ya asili na upandaji wa mikaratusi inayovuta maji kwa wingi. Wanasayansi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, miongoni mwao Patrick Malonza, mmoja wa waliompa jina mwaka 2005, wamekuwa wakisisitiza kwamba mnyama huyu hahitaji msitu mzito ili aishi. Anapatikana hata mashambani, penye udongo laini, mboji na kivuli, na hula mchwa na minyoo. Mkulima anayepanda miti ya kienyeji kando ya vijito na kuacha majani makavu yaoze shambani anamlinda bila gharama ya ziada, na udongo wake mwenyewe unafaidika.

Walimu wa biolojia wa Voi, Mwatate na Wundanyi wanaweza kumwingiza darasani pamoja na mjusi wa ukutani na chura wa povu; mitaala inafundisha figo, na mifano iko nje ya dirisha. Anayelima Sagalla akamkuta kiumbe wa pingili kwenye jembe amrudishe udongoni na kumfunika. Maswali kuhusu protini za figo yanaweza kusubiri vifaa, fedha na wataalamu. Hayawezi kumsubiri mnyama aliyekwisha kutoweka.